Alichoambiwa Rebeka

Sasa hivi mwanangu Magesa amevuta kofia ya Rebeka, mwanafunzi wa unesi, akaitia mdomoni. Nilitakiwa nimkataze. Nimemwacha kwanza aitafune kidogo.

Jumanne, mawingu. Upepo wa ziwa unafika mpaka huku barazani mwa wodi. Nina wivu, niandike tu ukweli.

Namuuguza mama tangu kabla ya masika. Namuogesha, namlisha, Magesa mgongoni. Lakini mama alichomwambia Rebeka asubuhi, mimi sijawahi kuambiwa.

Sista aliwaleta wanafunzi wake kuwafundisha kuongea na mgonjwa asiyepona. Rebeka akaanza kuuliza amesimama wima. Sista akamkatiza, "Kaa chini! Unamsimamia kama askari wa kodi? Na ukishauliza, nyamaza."

Rebeka akakaa kitandani, akamshika mama mkono. "Mama, wewe mwenyewe unauonaje huu ugonjwa?"

Akasubiri. Mimi ningeshasema kitu.

"Unanimaliza, mwanangu."

Mwanangu! Yule aliyekuja juzi tu!

Halafu mama akamwambia anataka kuzikwa Butiama kwenye mji wetu wa zamani, ubavuni mwa baba, siyo kwenye kijiji kipya cha ujamaa tulikohamishiwa. Kule kwa zamani kumebaki mahame tu na kaburi. Mimi nimesimama mlangoni na bakuli la uji.

Walipotoka nikaingia na hasira zangu. "Mama, mbona mimi hukuniambia?"

Akanitazama. "Wewe kila nikifungua mdomo unaniambiaga nitapona. Ningekuambia saa ngapi?"

Nikaliweka bakuli la uji chini.

Mimi niliishia darasa la nne. Nilidhani Rebeka anayo maneno fulani kwenye daftari lake, maneno ya waliosoma. Kumbe alikaa, akauliza, akasubiri. Hata mimi naliweza hilo.

Ila naogopa. Nikiuliza, itakuwa kweli.

Na kaka yangu lazima akamwone mwenyekiti wa kijiji mapema, aombe ruhusa ya kumrudisha kule. Mama akizikwa pasipo pake kwa ajili ya uoga wangu, nitamlaumu Rebeka?

Basi leo sitamwambia atapona. Nitakaa kitandani, nimuulize anataka kulazwa upande gani wa baba, na akianza kulia nita… Mama ananiita.