Uzi wa Kuoza

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia mtoto akiwa amelala kifuani kwangu, kwa hiyo ukiona mistari inapanda mlima ujue ni yeye kajigeuza. Goti lako linaendeleaje? Na wifi, kile kikohozi kimemwacha? Mwambie asiache kuvaa lile koti alilomshonea shemeji yako, hata kama mikono imezidi urefu. Sisi huku wazima. Mpwa wako ameota meno ya juu na anayajaribu kwa kila anayembeba. Mimi usingizi nausikia kwa majirani tu, lakini nalalamika kwa mazoea, si kwa uchungu.

Umeuliza habari za ile kayaki ya plastiki uliyotuachia, na ule mtego wako wa kaa. Nianze na kayaki, maana habari zake ni nzuri. Ipo, tumeisimamisha nyuma ya duka la shemeji yako la kushonea nguo, na mtaa mzima unaiita Kandambili kwa lile umbo lake. Jumamosi asubuhi shemeji yako anabaki na mtoto pale kwenye cherehani, mimi navaa jaketi la kuokolea, naenda kutega kaa kule maji yalikotulia. Ndiyo asubuhi yangu pekee katika wiki. Nakwambia mapema ili uelewe kwa nini yaliyofuata yalinitoa jasho.

Kuhusu mtego, usinikasirikie. Ule mtego wako wa chuma ni wa boti ya watu wazima. Nikiufunga nyuma ya kiti, Kandambili inakaa mkia chini kama bata. Siku moja nikawa nauvuta kutoka ubavuni, umejaa matope, kayaki ikalala upande mpaka maji yakanifika mapajani. Nikaachia kamba. Ilikuwa kamba au mimi. Nilipopata kukaa sawa na kugeuka, boti ya injini ilikuwa imeshapita juu ya ile kamba yako inayoelea, imeikata, na boya linakwenda zake. Nikarudi nyumbani nimelowa, mikono mitupu.

Shemeji yako hakunifokea. Unamjua, akikasirika anashona haraka. Alimaliza suruali nzima bila kuinua kichwa, kisha akasema Kandambili iuzwe, yeye hawezi kubaki na mtoto wa kunyonya na cherehani, wote wawili wanamlilia. Nikamwambia haiuzwi. Akaniuliza nimeolewa na yeye au na plastiki. Nikamjibu kwamba plastiki angalau haikoromi. Tukanuniana mpaka mtoto alipotutapikia wote kwa pamoja.

Ila kilichonikaa moyoni kilikuja baadaye. Maji yalipokupwa sana nilitembea kwenye matope, mtoto mgongoni, nikauona mtego wako umekaa pale pale, mzima, mlango umefungwa. Ndani mlikuwa na magamba matupu ya kaa, na wachache walio hai hawakuwa na miguu yote, maana njaa iliwafanya walane. Mmoja alikuwa jike mwenye mayai tumboni. Hapakuwa na mtu aliyeungojea ule mtego, kaka, na bado ulikuwa unaendelea na kazi. Nikaufungua, nikawatoa waliobaki, nikachuchumaa pale nikalia. Labda ni kukosa usingizi. Lakini nilisema moyoni kwamba sitazamisha tena kitu kisichojua kuacha.

Kwa hiyo chuma chako nilimpelekea fundi wa kuchomelea, akakinyoosha kikawa kigeti cha mlango wa jikoni. Sasa kinamnasa mpwa wako peke yake, na yeye anatolewa kila akipiga kelele.

Kwa shemeji yako nikaweka ahadi. Nikamwambia nitatafuta mtego usioweza kunipindua, na usioua nikiwa sipo. Nikiukosa, Kandambili iuzwe, nami sitafungua mdomo. Alikubali haraka mno. Nikajua anaamini mtego wa namna hiyo haupo.

Nikapima nafasi ya nyuma ya kiti kwa mbeleko ya mtoto, nikapiga fundo la urefu na fundo la upana, nikaenda nayo kwenye duka la zana za uvuvi. Muuzaji akanishushia kwanza mtego mkubwa kuliko wako, akasema huo utanasa mpaka babu yao. Nikamwambia babu yao abaki nyumbani. Nikatandaza mbeleko juu ya mtego wa pili, naye akaniuliza kwa upole kama mtoto anaingia humo. Nikamweleza: nataka unaokunjika, ninaoweza kuuvuta kwa mkono mmoja nikiwa nimekaa, wenye matundu ya kutokea kaa wadogo, na wenye mlango ninaoweza kuufunga kwa uzi. Akauliza kama natafuta mtego au nyumba ya wageni. Watu dukani wakacheka, nami nikacheka nao, lakini sikutoka. Alipoona siondoki akapanda ngazi, akauteremsha mmoja wa waya, umejaa vumbi, unakunjika bapa kama mkoba. Alisema hauna soko kwa sababu ni mdogo. Ukaenea katikati ya mafundo yangu kama uliopimiwa. Nikachukua na kamba inayozama, injini ya mtu isiipate tena.

Sasa sikiliza habari ya uzi. Ule mlango unafungwa kwa uzi wa pamba ili mtego ukipotea, uzi uoze, mlango uanguke, walio ndani waende zao. Nilimweleza shemeji yako akiwa anashona, akaitikia, nikadhani amesikia. Kesho yake nakuta mlango umeshonwa kwa uzi wake mgumu kuliko yote, ule wa mahema, mara mbili mbili, mafundo yamechomwa kwa moto. Alitaka kunifurahisha! Nikachukua wembe nikakaa chini kufumua, naye amesimama juu yangu kama nachana cheti chetu cha ndoa. Akasema tangu ajifunze kushona hakuna mteja aliyewahi kumwomba uzi mbovu, ndiyo kwanza mke wake. Nikamwambia simwombi mbovu, namwomba unaojua siku zake. Nikamsimulia na lile jike la mayai, ambalo sikuwa nimemwambia mtu.

Baadaye nikaona ndoo ya maji ya chumvi kando ya cherehani, nyuzi za kila aina zinaning'inia ndani yake. Kila asubuhi anavuta mmoja mmoja, anatingisha kichwa. Wateja wanamuuliza kama ameanza kupika. Mshindi akawa uzi wa kupigia bandi, ule wa kushikiza nguo tu kabla ya kushona, ambao kazi yake ni kutolewa. Akaufunga mwenyewe, kwa mkono. Hapo nikajua Kandambili haiuzwi.

Mtego ni mzuri, kaka. Unakaa nyuma yangu kimya kama begi la shule. Jumamosi ya kwanza nilileta kaa wakubwa wa kutosha sahani zetu. Wadogo walitoka wenyewe kwenye matundu, na jike mmoja nilimrudisha kwa mkono, akanifinya badala ya kushukuru. Shemeji yako akala mpaka akaacha kuongea.

Sasa nikwambie jambo ambalo nilidhani hakuna mtu anayelijua. Siku hizi, Jumamosi nyingine, nautega bila chambo. Naufungua, naushusha na kamba yake, naweka kasia mapajani, nakaa. Siitwi mama, siombwi kitu, sinusi maziwa. Kaa wanaingia kuangalia, wanatoka. Nikitosheka nauvuta, narudi na sura ya mtu aliyekosa bahati. Kwa nini nisiuache nyumbani? Kwa sababu mwenye mtego yuko kazini. Asiye na mtego amekaa tu, na mwanamke aliyekaa tu anaitwa.

Jumamosi iliyopita nilirudi mikono mitupu, nikaanza kulalamikia maji. Shemeji yako akaupokea mtego, akauning'iniza ukauke, akaugusa ule uzi kwa kidole. Akasema umeanza kulegea, atabadilisha kabla sijaenda tena. Halafu, bila kuniangalia, akasema vichwa vya samaki vya chambo bado viko kwenye friji, tangu wiki ile nyingine, amevisogeza ili mtoto apate nafasi ya uji wake. Yeye akampangusa mtoto mdomo, akasema Jumamosi niondoke mapema kidogo, maji yatakuwa yametulia zaidi.

Kwa hiyo usiniletee mtego mwingine mkubwa, hata ukiuona kwa bei ya kutupa. Ukija, njoo na goti lililopona, nitakupa kasia, mimi nitakushikia koti.

Amekwisha kuamka, anavuta kalamu. Mpe wifi mkono wangu, na wewe ubaki salama mpaka macho yaonane.

Ni mimi mdogo wako,
mama wa mfungwa wa jikoni