Kasi Inapanda Wageni Wakija

Shangazi mpendwa, nisamehe kwa kukawia kukuandikia, barua hii niliianza mtoto hajaota jino na sasa ananing'ata nikimnyonyesha, lakini leo naomba unisaidie maana kazi inataka kuniponyoka. Napokea simu za wateja wa kampuni ya maji nikiwa nyumbani, chumbani kwangu, mtoto mgongoni, na siku hizi sauti yangu inakatika mpaka wateja wananiuliza kama niko ndani ya pipa. Msimamizi wangu anataka vipimo vya kasi ya intaneti vinavyoeleweka, la sivyo mwisho wa mwezi kiti changu anapewa mwingine. Sasa nimpelekee kipi? Asubuhi napata megabiti mbili, mchana tatu, Jumapili wakija wageni inaruka hadi arobaini, wakiondoka inaporomoka.

Hapo nikamshuku mdogo wake mume wangu, tunayeishi naye, kwa sababu wageni wakija huacha filamu zake akaenda kusalimia. Nikamwambia, "Shemeji, intaneti unaimaliza wewe." Akacheka. "Shemeji, mimi nina simu moja, sina kiwanda." Nikapandwa na hasira, nikamwambia mbele ya mume wangu atafute pa kuhamia, na tangu siku hiyo anakula chumbani kwake, hasemi nami.

Fundi wa intaneti naye alikuja. Mama mkwe, ambaye hataki kusikia mgeni kanyweshwa kwa kikombe cha plastiki, akafungua kabati lake la vyombo, akatoa glasi na masinia yote ya wageni, juisi ikaletwa. Shemeji hata hakutoka, alikuwa ndani na mpira wake kwenye simu. Fundi akapima palepale sebuleni, nikamwomba apime na chumbani kwangu: kote arobaini. Akaniangalia kama mtu aliyeitwa kuzima moto asione hata moshi. "Dada, hapa hakuna tatizo." Alipoondoka mama mkwe akaosha vyombo, akavirudisha, akafunga kwa ufunguo, maana hata ruta, kile kisanduku cha intaneti, inakaa humo, nyuma ya masinia, tangu mtoto alipoivuta waya. Nikapima tena: mbili.

Usiniambie nivumilie, nimeshavumilia vya kutosha. Naomba unitumie sababu ya kasi kuchezacheza, namna ya kupima ambayo msimamizi hataikataa, na maneno ya kumtoa shemeji bila mume wangu kununa.

Mama Kidevu

*

Mama Kidevu, pole, kulea na kupokea malalamiko ya maji kwa wakati mmoja si mchezo. Viwili nakutumia. Cha tatu hupati.

Umeniandikia jibu lako mwenyewe na hukulisoma. Fundi alipopata arobaini, shemeji yako alikuwa anatazama mpira. Basi kosa lake liko wapi? Kilichobadilika siku ile, na kinachobadilika kila Jumapili, ni kabati. Mama mkwe akitoa masinia, ruta inapumua. Akiyarudisha, inafungiwa nyuma ya ukuta wa chuma, halafu wewe unaidai ikufuate hadi chumbani. Ungeenda kupima kwa simu yako mbele ya kabati hilo, likiwa wazi na likifungwa, ungeyaona haya siku ya kwanza, mwanangu, lakini ulikuwa na haraka ya kumfukuza mtu.

Kabati ni la mama mkwe na ufunguo ni wake, usiuchukue kwa mlango wa nyuma. Mwambie, "Mama, naomba ruta niipandishe juu, mtoto asiifikie." Hatakataa, maana atapata nafasi ya masinia yake. Iwekwe kwenye rafu juu ya mlango wa chumba chako, wazi, na usiifunike kitambaa hata kikiwa kizuri namna gani.

Kisha pima kwa kompyuta unayofanyia kazi, mahali unapokaa, kwa tovuti ileile, saa zako za kazi. Ukiazima waya, ichomeke kompyuta moja kwa moja kwenye ruta upime tena. Kwa waya kasi ikiwa nzuri na bila waya mbaya, shida iko ndani ya nyumba. Ikiwa mbaya kote, mwite fundi, na safari hii apimie chumbani kwako kabla ya juisi. Picha za vipimo mpelekee msimamizi wiki hii, usingoje akuulize.

Maneno ya kumtoa shemeji sina. Nakutumia ya kumrudisha mezani: "Shemeji, nilikuonea. Nisamehe." Yaseme mumeo akisikia, kwa kuwa naye alisikia ulipomfukuza. Na rafu hiyo mwombe yeye akupigilie, lakini radhi itangulie, nyundo ifuate.