Jina la dada yangu ku mulango

Mujukuu wangu Espérance,

Hapa Lushebere tuko wazima. Mama yako anakusalimia, maharagi imetoa maua, na mbuzi yako imezaa mapacha.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema kule China mwalimu anawafundisha namna serikali inaongoza watu mpaka wanajiongoza wenyewe, na unaniuliza: "Koko, wakati wa vita nani alikuwa anawatawala?"

Sijui vizuri. Nakuambia kitu kimoja tu.

Tulikuwa tunaishi Kashuga. Watu wenye silaha waliagiza kila nyumba iandike ku mulango, kwa makala ya jikoni, majina ya wanaolala ndani. Nyumbakumi, mukubwa wa nyumba zetu kumi, alikuwa anapita kila jioni kusoma. Kisha wale watu wakaenda zao, na nyumbakumi naye akakimbia. Hakubaki muntu wa kukagua.

Juma ileile dada yangu Furaha akafika kutoka Mweso, mvua inanyesha, mutoto ku mugongo. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, nikuandike." Mbao ilikuwa imelowa, makala haikushika vizuri, nikarudia.

Akaniuliza, "Nani atakuja kusoma?"

Nikamaliza jina lake na la mutoto, njo nikamuingiza.

Mpaka leo najiuliza nani alimusimamisha mu mvua. Ukipata jibu mu vitabu vyenu, uniandikie. Lakini usiniambie ni wale watu. Walikuwa wameshaenda.

Mimi koko yako, ninayekuwaza