Matonge ya Kumsindikiza Mume

Jumatatu, 6 Oktoba
Maji madumu mawili, kisha kufagia chini ya mikorosho. Nimechoka. Ijumaa kliniki ya Newala wamenikuta sukari iko juu. Nesi anasema mwili una saa yake: mchana unaimudu sukari, usiku unazembea. Ugali uleule, ukiliwa usiku, unaipandisha zaidi. Basi nile saa kumi na moja jioni, usiku nisiguse kitu. Isiposhuka, ni sindano. Naogopa sindano.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimekula peke yangu, ugali wa muhogo na mbaazi. Mlango nimeurudishia. Mke mzima anakula, mume yuko shambani. Nimeona aibu kama mwizi wa kuku.
Baba Zuhura karudi saa mbili na gunia la korosho. Nikamwandalia, nikamega naye matonge matatu. Kumsindikiza tu. Huko si kula.

Jumapili, 19 Oktoba
Matatu yamekuwa sita. Wifi Somoe kanikuta na sahani jioni. Sasa Kitangari nzima inajua Mama Zuhura anajifungia kula nyama. Nyama yenyewe mbaazi. Nimekasirika mpaka nimecheka.

Ijumaa, 24 Oktoba
Sukari imepanda. Nesi kauliza usiku nakula nini. Nikasema sili, namsindikiza mume tu. "Mama, tumbo halijui kusindikiza." Kanipa wiki mbili za mwisho.

Jumamosi, 25 Oktoba
Nimemweleza Baba Zuhura yote. Usiku nikamwandalia, nikakaa mikono mapajani. Kala tonge moja, kasukuma sahani.
"Mimi si mgeni, Mama Zuhura, nile natazamwa."
Kalala na njaa. Mimi nimelala na hasira.

Jumanne, 28 Oktoba
Bado hali usiku. Mgonjwa mimi, anayekonda yeye. Moyo unaniuma. Kesho nitamega naye, liwalo na liwe.

Jumatano, 29 Oktoba
Jua bado kali, nikasikia gunia linatuliwa uani. Nusu gunia. Nyingine ameziacha chini ya miti, anasema korosho hazina miguu. Akanawa, akatandika mkeka nje. "Pakua."
Wifi Somoe akapita. Baba Zuhura akamwita: "Karibu, dada, tunakula chakula cha usiku." Somoe akatazama jua, akatutazama sisi. Akanawa.
Giza limeingia vyombo vimeshaoshwa. Tumebaki mkekani wawili, hatuna la kufanya, tunaongea.