Barafu ya Zuhura

Ijumaa, 4 Julai
Leo tena mizani imenisuta. Kilo nne tangu Jumatano, na kwa mtu ambaye figo zimekufa, kilo nne ni maji matupu. Sista wa mashine ya kusafisha damu kanigombeza mbele ya wagonjwa wote, eti nakunywa maji kwa siri. Nikaapa sinywi. Wallahi sinywi. Natafuna barafu. Nimerudi nyumbani Bagamoyo kutoka hospitali, hoi, kizingiti cha mlango kinanishinda, na kabla sijakaa mkono umeshafika kwenye friza.

Jumapili, 6 Julai
Zuhura kanifuma. Alikwenda kuwapelekea wauza samaki barafu zao, akarudi mapema. Mdomo umejaa. Mimi, fundi cherehani mwenye heshima zangu, naguguna barafu za biashara ya mke wangu kama panya. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Mchana akanunua kufuli la friza.

Jumatano, 9 Julai
Kwenye mashine. Damu iko chini tena. Sindano ya kuongeza damu nachomwa kila wiki, haipandi. Nimelala pale nikiwaza barafu tu. Si kiu. Kiu naijua. Haya ni meno yanataka kupasua kitu cha baridi. Nimwambie nani? Wataniona nimerukwa na akili.

Jumamosi, 12 Julai
Nimepekua nguo za Zuhura natafuta ufunguo. Kanikuta. "Baba Rama, unataka kuniacha mjane kwa ajili ya barafu?" Nikamjibu kwamba anazipenda hizo barafu kuliko mimi. Upumbavu mtupu. Hatusemezani. Najichukia.

Jumapili, 13 Julai
Dada Mwanaidi, mkubwa wangu, kaja kutoka Mlingotini. Zuhura kamweleza yote. Dada kasema hilo ni jini, linapenda baridi. Kaleta kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji. Shehe aliagiza funda moja tu. Dada akajaza bakuli, analia, ananisihi. Huyu ndiye aliyenilea. Nikanywa lote.

Jumatatu, 14 Julai
Alfajiri pumzi zilikata. Nikilala nazama, nikikaa nazama. Zuhura akakodi gari, njia nzima kaniegemeza kifuani nisilale. Nilijua nakufa. Sikuogopa, nilikasirika. Wakaniwekea mashine kabla ya zamu yangu.

Daktari akauliza nimekunywa nini. Nikasema kombe. Halafu nikasema na barafu, zote, mpaka za wateja. Nimechoka kuficha. Zuhura anasikiliza. Daktari hakucheka. Akauliza, "Hamu hiyo ilianza lini?" Kabla ya mfungo, nikamwambia. Akaagiza nipimwe madini ya chuma.

Jumatano, 16 Julai
Majibu yametoka. Chuma kimekwisha mwilini. Kila nikisafishwa, damu kidogo hubaki kwenye mipira ya mashine, na chuma huondoka nayo. Zile sindano zote za kuongeza damu, bila chuma, zilikuwa cherehani bila uzi. Na hamu ya barafu, kasema daktari, huwapata wengi waliopungukiwa chuma. Si jini. Si ulafi.

Nimelia, wala sikujificha. Miezi yote hii nimejiona mwizi ndani ya nyumba yangu. Zuhura kainamisha kichwa.

Wameanza kunitilia chuma kwenye mshipa. Lakini barafu ni maji, daktari kanikazia, na maji yataniua. Hamu ingalipo. Usiku wa kwanza huu sijui nitaupitishaje. Nimeng'ata ncha ya shuka.

Jumanne, 22 Julai
Bado. Nimemwambia Zuhura asinipe ufunguo hata nikimpigia magoti. Nikampigia magoti. Hakunipa.

Ijumaa, 8 Agosti
Mizani imenyamaza. Damu imepanda kidogo. Nimerudi kwenye cherehani, nimepinda gauni la jirani bila kupumzika.

Alasiri Zuhura kaja na kisahani. Kipande kimoja cha barafu, kidogo. Kasema kamuuliza sista, kinaruhusiwa. Kwenye friza kufuli halipo. Akasimama, anangoja.

Sikuwa na hamu nacho. Hata chembe.

Nikakitafuna chote, taratibu, yeye akinitazama.