Uliipokea Baiskeli

Masasi mjini, msimu wa korosho

Kwako mwanangu Selemani, baba yake Zuhura,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini mimi nimeitikia, tusije tukakosa adabu wote wawili. Je, wazima huko Kitangari? Maji yanatoka au bado mnapanga ndoo? Mguu wako umepona? Mimi mzima, meno yaliyobaki yanatafuna na macho yanaona. Huku Masasi ni joto, na usingizi wenyewe tunaugombania na bodaboda. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, kwa kile kisomo cha watu wazima mlichokuwa mkikicheka. Simu sitaki tena. Nikianza kusema unaniambia mtandao unakata. Karatasi haikati.

Nimeusikia ujumbe wako wa sauti kwenye kikundi cha ukoo. Binti wa mwenye nyumba ndiye aliyenifungulia. Ati mpwa wako Issa arudishwe Ijumaa, kiitwe kikao, asimame mbele ya watu aombe radhi kwa kuuaibisha ukoo. Ati anatuigizia, anakwepa kuokota korosho. Watu wakakuwekea vile visura vya kucheka. Issa alikuwa amekaa pale pale karibu yangu, anamenya muhogo. Aliendelea kuumenya mpaka ukabaki kama kijiti.

Sasa nisikilize, na ukae chini.

Wewe ndiye mjomba wake. Kwetu mtoto ni wa mjomba. Baba yake alipoondoka hatukumkimbilia, kwa sababu wewe ulikuwepo. Kabla mtoto yule hajajaribu kujiua, na neno nimeliandika lenyewe, usiliruke, alipita nyumba kwa nyumba akiomba watu wamsamehe. Ramadhani ilikuwa mbali. Hakuna aliyegombana naye. Mkasema ameshika dini, amekuwa mtu mzima. Jezi yake akampa binamu yake. Baiskeli, ambayo alikuwa halali bila kuifuta vumbi, akakuletea wewe. Ukaipokea. Ukaipanda mpaka sokoni ukijisifu kwamba una mpwa mwenye heshima. Mtu anagawa vitu vyake kama vya marehemu, na wewe unamuuliza pampu iko wapi.

Sisemi wewe ndiye uliyemtia ugonjwa. Watu wa kisimani wanataka sababu moja waibebe pamoja na ndoo: mara mke kamwacha, mara jini, mara uvivu. Muuguzi wa hospitali kule Ndanda aliniambia mambo haya huwa mengi yaliyolundikana, na ugonjwa huu unatibika. Dada yule ni mdogo kuliko Zuhura wako, lakini anaongea na mgonjwa bila kumkunjia uso. Wewe ulipofika wodini ulisimama mlangoni, hukuvua hata kofia, ukamwambia, "Umetutia aibu." Mtoto ana dripu mkononi. Ukageuka ukawahi gari. Hiyo ndiyo iliyokuwa pole yako. Ndiyo maana nikamleta huku, si kwamba napenda mji. Mama yake ana kichanga, na wewe nilikwisha kukuona.

Mwanzoni huku alikula, alichota maji, alinitania, nikadhani tumevuka. Halafu asubuhi moja nikakuta fundi pancha wa jirani amevaa viatu vya Issa, na Issa hana vingine. Nikamtazama Issa. Anatabasamu, mpole kama mgeni. Nikaikumbuka baiskeli.

Ninyi wajomba mnaogopa kuuliza, mnasema utamtia mtu wazo. Mimi ni bibi yake, yule ni mume wangu, na utani wetu hauna mpaka. Nikamshika sikio.

"Mume wangu, sura imekunyauka kama kisamvu cha juzi. Unataka kujiua tena?"

Alicheka. Kisha kicheko kikageuka, akalia mpaka kamasi zikafika kidevuni.

"Ndiyo, bibi. Nimechoka."

"Nimesikia. Vaa ndala zangu, twende."

Sikumpa hotuba. Sikumtajia moto wa Jehanamu, habari hizo anazijua kuliko wewe. Tukaenda hospitali, yeye na ndala zangu za waridi, kisigino chote kiko nje. Njiani watu wanacheka, nikawaambia wacheke vizuri, huyu ni mume wangu. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akambadilishia dawa. Mimi akaniambia nilifanya vyema kuuliza. Kuuliza hakumsukumi mtu kwenye kifo, kunampa mahali pa kutua mzigo. Akanipa na kazi: siku mbaya asiachwe peke yake, dawa nizitunze mimi na azimeze mbele yangu, vitu vya hatari vikae mbali naye, na siku za kurudi kliniki zisikosekane. Sijakosa hata moja. Wewe umekosa kikao gani cha kahawa?

Basi Ijumaa haji. Kikao chenu kaeni wenyewe, muombane radhi. Ule ujumbe uufute, na useme mbele ya hao hao waliocheka kwamba ulikosea. Siku nitakapomrudisha nikute dawa zote za mikorosho zimetoka humo ndani, zimefungiwa mbali, ufunguo uwe kwa mtu mwenye akili. Maana yake si wewe.

Nisikudanganye, hajapona. Kuna siku anaamka ananichokoza, kuna siku ananigeukia ukuta. Siku za ukuta ndizo ninazosogeza mkeka wangu karibu zaidi.

Sasa hili nakwambia na linaniuma, kwa sababu hukustahili. Baada ya kuusikia ujumbe wako, na ule muhogo umekwisha mkononi, aliniuliza jambo moja tu. "Bibi, mjomba amesema lini atakuja kuniona?" Hakuuliza kikao, hakuuliza nani alicheka. Nikijibu huji, namvunja. Nikijibu unakuja, nasema uongo. Nikamwambia ale.

Nimekusemea kwa baba yako, nimekusemea kwa walimu, nimekusemea kwa wakwe zako. Kwa mtoto huyu sikusemei. Ukija, usije na hadithi za watu walioteseka kuliko yeye. Kaa naye. Muulize kama nilivyomuuliza mimi, neno lenyewe, halafu unyamaze. Kunyamaza ndiko kutakakokushinda, kwa hiyo anza kujifunza leo.

Msalimie dada yako, mama Issa, mwambie mwanawe jana alikula ugali akaomba tena, na asilie barazani watu wakamwona. Msalimie mkeo, ndiye peke yake aliyenitumia mboga kavu. Yule binamu mwenye jezi mwambie aje amrudishie Issa mkononi, wapige na soga. Wale wa kisimani nao wasalimie. Waambie Issa yupo hai, watafute mengine ya kubeba.

Gari la kushuka Masasi linapita hapo kila asubuhi. Panda.

Ni mimi mama yako niliyekuzaa,
Bi Somoe