Mipira ya Landikruza ya Solomoni

Sokon I,
Arusha.
19 Julai, 1994

Dada yangu mpendwa Anyesi,

Shikamoo. Songea mnaendeleaje? Miguu imeacha kuvimba? Sisi tuzima, ila baridi ya mwezi huu imetukaba, na mlima hatujauona wiki nzima.

Mdogo wetu Solomoni amenunua Landikruza kuukuu mnadani, abebe watalii. Siku hizi biashara ruksa. Basi baba habanduki kiti cha mbele! Pikapu yangu ilimuumiza mgongo miaka sita. Kwenye hii yenye viti vilivyochanika, mgongo umepona.

Kabureta ilitaka kusafishwa. Unadhani alikuja kwangu? Thubutu! Mimi kaka yake wa tumbo moja, niliyeshika spana miaka kumi na minane, alinipita akaenda Themi kwa fundi mwenye ovaroli na kibao cha rangi. Gari likarudi linatetemeka, ukiachia mafuta linazimika. Fundi akamwambia eti alitumie tu, litatulia lenyewe.

Nilichungulia mara moja nikajua. Ile mipira myembamba inayovuta hewa ya injini, yule fundi aliichomoa bila kuweka alama. Wa distribyuta kauchomeka kwingine, mwingine kauacha unaning'inia. Nikanyamaza. Dada, nilifurahi. Wiki nzima nililala vizuri. Ni wivu, sina jina jingine la kuupa.

Jumamosi nikamkuta Solomoni ameweka kiganja juu ya boneti, anaomba. Watalii wake wa kwanza walikuwa wa Jumatatu, na gari likizima kazi angepewa mwingine. Jumapili nikasingizia tumbo. Walipokwenda kanisani, kwa miguu, nikairudisha mipira yote mahali pake.

Waliporudi likawaka, likanguruma taratibu. Baba akawaambia majirani, "Si yule bwana wa Themi alisema litatulia lenyewe? Huyo ndiye fundi!"

Nikaitikia, "Ndiyo, baba." Nusura nikaing'oe tena ile mipira.

Jana Solomoni aliondoka na watalii wake. Mipira ile mikongwe, itachomoka tu. Humu nimeweka karatasi niliyochora kila mmoja unakotoka na unakokwenda. Mtumie wewe, mimi siwezi kumkabidhi. Usimwambie imetoka kwangu.

Nisalimie shemeji Ludovick na mwanetu Irine. Mungu awafunike kwa mkono wake, na miguu yako aiponye.

Mdogo wako akupendaye daima,
Melkizedeki

Nimeisoma tena barua. Mwambie karatasi imetoka kwangu. Itumie pamoja na barua hii, na baba naye asomewe.